Magonjwa ya moyo yanayotupata mara nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, mzazi, na ndugu anayemuuguza mtu nyumbani. Hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusudia kumsaidia msomaji afike hospitali mapema, na akishafika ajue la kueleza na la kuuliza.

Je, ugonjwa wa moyo ni mmoja au ni mengi?

Ni mengi. Moyo ni msuli wenye vyumba vinne, vali nne zinazofanya kazi kama milango inayofunguka upande mmoja tu, mishipa midogo inayoulisha msuli wenyewe, mfumo wa umeme unaoupa mdundo, na utando unaoufunika kwa nje. Kila sehemu kati ya hizo inaweza kuugua peke yake, na tiba ya sehemu moja inaweza kuwa madhara kwa nyingine. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nina moyo" hajamweleza daktari mpya jambo kubwa, na anayeazima dawa za moyo za jirani yake anajihatarisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Elimu nyingi inayotufikia kuhusu moyo imeandikwa kwa ajili ya nchi ambako tatizo kubwa ni mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta. Ugonjwa huo upo kwetu na unaongezeka mijini, lakini wodi za Afrika Mashariki zinajaa pia wagonjwa wa aina nyingine: moyo uliochoshwa na shinikizo la damu la miaka mingi, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, msuli wa moyo uliodhoofika, wakati mwingine mara tu baada ya kujifungua, na utando wa moyo uliojaa maji kwa sababu ya kifua kikuu. Upo hata ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, ambao ulielezwa kitaalamu mwaka 1948 kutokana na wagonjwa wa Mulago, Kampala. Anayesoma kuhusu lehemu (mafuta ya kwenye damu) peke yake atakuwa amesoma sehemu ndogo ya habari yetu.

Dalili zipi zinapaswa kunipeleka hospitali?

Dalili inayopuuzwa kuliko zote ni kuishiwa pumzi. Mtu aliyekuwa akipanda mlima wa kwao bila shida anaanza kusimama katikati ya njia. Baadaye anahema akioga. Baadaye hawezi kulala chali na anaongeza mito miwili au mitatu, au anazinduka usiku akitafuta hewa na kulazimika kuketi dirishani. Mabadiliko hayo huja polepole, na familia huyaeleza kwa uzee, pumu, upungufu wa damu au, kwa bahati mbaya, husuda ya jirani. Hatua hizo zikifuatana hivyo, moyo upimwe.

Dalili nyingine ni miguu kuvimba kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki, tumbo kujaa, uchovu usioisha kwa kupumzika, mapigo kwenda mbio au kurukaruka bila sababu, na kuzimia, hasa mtu anapozimia akiwa katikati ya kazi au mchezo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea kwa haraka na kuondoka ukisimama yanaashiria kuwa mishipa ya moyo imekuwa myembamba, hata kama hayakuzidi dakika tano.

Watu wengi huyaita maumivu hayo "gesi" au "vidonda vya tumbo" na kumeza dawa za kupunguza asidi kwa miezi. Ni kweli kwamba tumbo linaweza kuuma hadi kifuani. Lakini maumivu ya tumbo kwa kawaida hufuata chakula au njaa, ilhali maumivu ya moyo hufuata juhudi za mwili, na mara nyingi huelezwa kama uzito au kubanwa kuliko kuchomwa.

Mtu akibanwa kifua ghafla, tufanye nini?

Maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika 15, yanayosambaa kwenye mkono wa kushoto, taya au mgongo, na yanayoambatana na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, yahesabiwe kuwa mshtuko wa moyo mpaka hospitali ikatae. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari maumivu yanaweza kuwa hafifu au yasiwepo kabisa. Huenda mgonjwa akalalamika tu kuhusu uchovu wa ghafla, kutapika au kuhema.

Mketishe mgonjwa na msimwache atembee, hata kama anasema anaweza. Mpeni aspirini ya miligramu 300 aitafune, ambayo ni sawa na vidonge vinne vya miligramu 75, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatoka damu, au ana dalili za kiharusi kama vile mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu. Kisha mpelekeni kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na msipitie kwanza duka la dawa. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya muda mfupi, na tiba ya kuzibua mshipa, iwe kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu au kwa mrija unaopitishwa mkononi au kwenye paja, ina faida kubwa zaidi katika saa za mwanzo. Mtu atakayepoteza fahamu na kuacha kupumua abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike.

Nitajuaje kama nina presha?

Kwa kupima, na hakuna njia nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Wengi wanaamini kwamba presha huonekana kwa kichwa kuuma au shingo kukaza. Lakini unaweza kuwa na 170/100 ukala, ukalala na ukacheka kama kawaida, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiharibika.

Kipimo chenyewe kina adabu zake. Keti dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea na miguu ikiwa sakafuni. Usiwe umevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Mkono uwe usawa wa moyo na mkanda ukutoshe, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mtu aliyepimwa huku akihema kutoka kwenye daladala hajapimwa vizuri. Vipimo vya siku tofauti vikiendelea kuonyesha 140/90 au zaidi, hilo ni shinikizo la juu la damu. Ikiwa 180/120 na kuna maumivu ya kifua, kuona ukungu, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Husemwa pia kuna "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka", kana kwamba ni magonjwa mawili yanayobadilishana zamu. Anayepata kizunguzungu akiwa kwenye dawa huambiwa na majirani kwamba sasa imeshuka, anywe maji ya chumvi. Chumvi hiyo itampandisha. Arudi kliniki dozi iangaliwe.

Kuhusu chakula, lengo ni chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula mtu. Kwa watu wa pwani chumvi nyingi hutoka kwa papa mkavu, ng'onda, achari na vikolezo vya mchemraba, na si ile ya kunyunyizia mezani peke yake. Ng'onda akilowekwa na maji yakamwagwa mara mbili hupungua chumvi, ingawa haimalizi.

Nikijisikia vizuri na presha imekuwa 120/80, niache dawa?

Hapana. Namba hiyo nzuri ni kazi ya dawa. Ukiacha, shinikizo hurudi, mara nyingi kimyakimya. Ikiwa kidonge kinakusumbua, kwa mfano enalaprili inakuletea kikohozi kikavu au amlodipini inakuvimbisha vifundo vya miguu, mwambie daktari, kwani zipo dawa nyingine za kubadilisha. Jihadhari pia na dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinauzwa kama njugu na kumezwa kila siku kwa ajili ya mgongo. Hupandisha shinikizo, hubakiza maji mwilini, na zinaweza kumrudisha wodini mgonjwa wa moyo aliyekuwa ametulia.

Mafindofindo ya mtoto yanahusianaje na moyo?

Swali hili ningependa liulizwe katika kila mkutano wa wazazi. Kuna bakteria aina ya streptokoka anayesababisha maumivu ya koo. Mwili wa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, ukipambana naye hutengeneza kinga inayokosea njia na kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, mtoto hupata homa, goti huvimba na kuuma, maumivu huhamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye kiwiko. Mara nyingine hutikisika mikono na uso bila kutaka. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona bila kuacha alama, na wazazi hushukuru kwamba yamekwisha, kumbe vali za moyo zimebaki na makovu. Homa ikirudiarudia, vali hukakamaa zisifunguke vizuri au husinyaa zikavujisha damu kurudi nyuma. Wengi hugunduliwa wakiwa na miaka ishirini na kitu, wakati mwingine katikati ya ujauzito, pumzi zinapokatika.

Huu ni ugonjwa wa msongamano na wa umbali na zahanati: nyumba ndogo yenye watoto wengi, koo lililotibiwa kwa maji ya tangawizi peke yake. Unazuilika. Mtoto mwenye koo linalouma kwa ghafla, homa, na tezi za shingo zilizovimba, hasa akiwa hana mafua wala kikohozi, apelekwe kupimwa. Penisilini ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi. Sharti ni kumaliza dozi yote, kwa kuwa koo huacha kuuma siku ya pili au ya tatu na chupa husahauliwa kabatini.

Desturi ya kumkata mtoto kimeo, ambayo bado inafanyika katika sehemu za nchi yetu kila anapokohoa au kuumwa koo, haiondoi bakteria hao. Inaleta kidonda, kutokwa damu na maambukizi mapya, na inampotezea mtoto siku ambazo penisilini ingemwokoa.

Mtoto wangu ameandikiwa sindano kila mwezi. Hadi lini?

Sindano hiyo ni penisilini ya muda mrefu, na hutolewa kila baada ya wiki tatu au nne ili streptokoka asipate nafasi tena. Haitibu kovu lililokwisha kuwepo; inazuia kovu jipya. Ambaye moyo wake haukuguswa kwa kawaida huendelea kwa miaka 5 au hadi afike miaka 21, kwa kuangalia kipi kirefu zaidi. Mwenye vali zilizoharibika huweza kuendelea kwa miaka 10 au hadi miaka 40, na wengine zaidi.

Najua sindano hiyo inauma, na najua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi kijana wa miaka kumi na minne anayejiona mzima. Lakini utafiti uliofanyika Uganda kwa watoto 818 waliokuwa na dalili za awali za ugonjwa huu, ambazo zilionekana kwa kipimo cha eko tu (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), ulitoa jibu lililo wazi: baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliopata sindano kila mwezi, na kwa asilimia 8.2 ya wasioipata. Mzazi anaweza kumwonyesha kijana wake namba hizo. Muuguzi anaweza kupunguza maumivu kwa kuipasha dawa joto mikononi na kuisukuma polepole, na penye ruhusa ya daktari huchanganywa na dawa ya ganzi.

Daktari amesema moyo umetanuka. Maana yake nini?

Maana yake ni kwamba msuli umechoka, chumba kimepanuka, na damu haisukumwi kwa nguvu inayotakiwa. Moyo haujasimama, ingawa jina la "moyo kushindwa kufanya kazi" linatisha. Sababu hutofautiana: presha, vali, mshtuko wa moyo wa zamani, pombe nyingi, virusi, ujauzito. Ni lazima itafutwe, kwa sababu vali inaweza kufanyiwa upasuaji na presha inaweza kushushwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya upasuaji huo hapahapa nchini; Uganda ina Taasisi yake ya Moyo huko Mulago.

Nyumbani, kifaa cha thamani ni mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, uandike. Uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si mafuta, na ni onyo linalotangulia kukosa pumzi. Piga simu au nenda kliniki. Huenda ukahitaji kuongezewa dawa ya kutoa maji. Dawa hiyo, furosemidi, imezwe asubuhi ili usiku ulale. Inaleta nafuu ya haraka, na kwa sababu hiyo watu huipenda na kuziacha nyingine. Lakini zinazorefusha maisha kwa wengi ni zile zisizohisiwa: enalaprili au jamaa zake, kavedilolo, spironolaktoni. Anzeni kwa dozi ndogo kama mlivyoelekezwa na msikate tamaa wiki za kwanza.

Dada yetu amejifungua miezi miwili iliyopita na anahema. Je, ni uchovu wa uzazi?

Huenda si uchovu. Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaotokea katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua moyo, na unaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa kuwa mama mchanga kwa kawaida huchoka, hukosa usingizi na miguu humvimba, bibi na mashangazi hudhani ni mambo ya arobaini. Asiyeweza kulala chali, anayekohoa usiku, au ambaye uvimbe unazidi badala ya kupungua, apelekwe akapimwe moyo kwa eko. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kabla ya kushika mimba nyingine lazima moyo upimwe tena, kwa sababu mimba juu ya moyo ambao haujapona inaweza kuua, na shemeji yetu naye anapaswa kuwa chumbani jambo hilo linapoelezwa. Enalaprili haifai kwa mjamzito, hivyo uzazi wa mpango ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mtoto mchanga ana tundu kwenye moyo. Je, ni lazima apasuliwe?

Si lazima kila mara. Takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na matundu mengi madogo hujifunga yenyewe. Anayehitaji haraka ni yule anayetoka jasho na kuhema akinyonya, asiyeongezeka uzito, anayeugua nimonia mara kwa mara, au ambaye midomo na ulimi hubadilika kuwa bluu. Mtoto anayechuchumaa kila baada ya kukimbia kidogo anajisaidia kupata hewa. Asikaripiwe kwa uvivu.

Natumia wafarini. Ni kweli nisile mboga za majani?

Si kweli. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupewa mwenye vali ya chuma au mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, ambaye damu huweza kuganda moyoni na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Vitamini K iliyomo katika kisamvu, matembele na mchicha hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki zote, ili dozi ipangwe kulingana nacho. Hatari ni kukaa mwezi bila mboga kisha kula sufuria nzima. Pima damu kama ulivyopangiwa, na umweleze kila mhudumu kabla ya kupewa dawa yoyote, ikiwemo ya fangasi, ya kifua kikuu na ya mitishamba. Mwanamke mwenye vali ya chuma amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Je, naweza kufunga Ramadhani?

Wengi wenye presha iliyotulia hufunga salama kwa kuhamishia dawa zao futari na daku. Aliyetoka wodini karibuni, anayehema, au anayehitaji dawa nyingi za kutoa maji asifunge mpaka daktari aruhusu. Dini imemwekea mgonjwa nafasi ya kulipa baadaye au kulisha maskini. Mpango wa dawa ufanywe mwezi wa Shaaban, kabla mwezi haujaandama.

Nikienda kliniki nibebe nini?

Beba dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, za hospitali na za mganga, bila kuficha. Beba daftari la presha na uzito, majibu ya eko ya zamani, na mtu mmoja wa nyumbani anayekupikia. Uliza mambo matatu kabla ya kutoka chumbani: jina la ugonjwa wangu ni lipi hasa, kila kidonge kinafanya kazi gani, na dalili gani ikitokea nisingoje tarehe ya kurudi. Uandikiwe majibu kwenye kadi, kwa Kiswahili.